Ndege ya Kuvuta Soksi

Binti yangu amefungua saluni, na kila nikipita mlangoni kwake wakati anampaka mteja rangi ya kucha, hunijia kikohozi. Yeye hudhani ni kifua. Mimi husogea hatua mbili, nikashika ukuta, nikasubiri harufu ipite. Ni harufu tamu lakini kali, kama ndizi iliyoiva mno iliyosahauliwa kwenye kabati la dawa. Wenzangu wa rika langu wakikumbuka utoto wao hunusa mafuta ya taa au unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Utoto wangu mimi unanukia rangi ya kucha, ingawa katika nyumba yetu ya Kigera hapakuwa na mwanamke aliyewahi kupaka kucha.

Harufu ile ilitoka kwenye sanduku la bati la babu yangu. Ndani yake kulikuwa na kopo lenye kutu, na katika kopo dawa iliyokwisha kukauka ikawa kama gundi ya mti. Chini ya kopo kulikuwa na vitambaa ambavyo sikuruhusiwa kuvigusa.

Babu alikuwa fundi cherehani. Mama yangu alifanya kazi zahanati kule Mugeta, baba alikuwa ameondoka bila kuaga, kwa hiyo nililelewa na Babu na Bibi, sisi watatu na mbuzi wetu, kwenye mteremko ambao ukisimama barazani unaliona ziwa lote. Miaka ile mnaikumbuka. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na muuzaji mmoja aliyekaa nyuma yake kimya, kama mtu anayelinda msiba. Tulifua kwa majani ya mpapai. Nguo mpya hakuna aliyeleta kwa Babu. Waliomjia walikuja na suruali yenye kiraka juu ya kiraka, naye akaigeuza ndani nje, akaikata, ikatoka kaptula ya mtoto. Uzi ulipokosekana alifumua mifuko ya nailoni akashonea nyuzi zake.

Mikono ikiwa kazini, mdomo wake ulikuwa huru. Ndipo aliponisimulia habari za ndege.

Alikuwa kijana wakati wa vita vya wazungu. Walikuja kukusanya vijana Musoma, na alipoulizwa anajua kazi gani akasema amefundishwa kushona misheni. Wenzake wakapewa bunduki. Yeye akapelekwa pwani, karibu na Tanga, kwenye kambi iliyokuwa na kiwanja cha ndege.

"Ndege zetu zilikuwaga zimezeeka," aliniambia. "Zilitengenezwa ziruke kutoka kwenye meli ya vita, ziende kuzamisha meli za adui. Lakini siku hizo zilishapitwa. Ndege mpya wakazipeleka kwenye vita penyewe. Zile kuukuu ndiyo wakatuletea sisi."

"Zilikuwa za chuma?"

"Mifupa chuma, ngozi kitambaa. Mabawa mawili huku, mawili huku, moja juu ya lingine, yamefungwa waya kama kitanda cha kamba. Kitambaa kikichanika, nashona mimi. Nikimaliza napaka dawa, kinakaza mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma."

Hapo ndipo nilipoambiwa kopo lile lilikuwa la nini. Nilicheka kwa furaha. Ndege ya kitambaa, iliyoshonwa na babu yangu.

"Sasa kama zimezeeka, zilikuwa zinafanya kazi gani, Babu?"

"Kupeleka barua. Kuangalia kama kuna mtu baharini amezama. Na kuvuta soksi."

"Ndege inavaa soksi?"

"Haivai, inavuta. Ni kitambaa kirefu kama soksi, chekundu, kinafungwa kwa waya mrefu nyuma ya ndege. Ndege inapita juu, wale wa kwenye meli wanajifunza kulenga. Wanapiga soksi. Risasi zao wanazichovya rangi. Meli hii bluu, meli ile njano. Soksi ikishuka, tunaangalia tundu lina rangi gani pembeni, tunajua nani kapiga. Halafu nashona matundu yote, kesho wanapiga tena."

"Hawakuwaga wanakosea wakapiga ndege?"

Babu akang'ata uzi.

"Walikuwaga wanakosea," alisema. "Siku moja walikosea vibaya."

"Kina nani? Maadui?"

"Adui hakufika kule, mjukuu wangu. Walitupiga watu wetu wenyewe."

Nilikuwa na miaka tisa. Vita na jirani zetu ng'ambo ya ziwa vilikuwa vimekwisha, lakini sisi watoto tulikuwa bado tunavicheza. Nilijua kanuni moja ya vita, kwamba watu wetu hupiga adui. Basi kama watu wetu waliipiga ndege ya Babu, maana yake ilikuwa moja tu. Sikuthubutu kumwuliza. Nilimtazama akiramba ncha ya uzi, nikahisi nimegundua kitu ambacho hata Bibi hakukijua: babu yangu alikuwa upande wa adui.

Nililibeba jambo hilo wiki nyingi. Nikaanza kumchunguza, na mtu ukimchunguza hukosi kitu. Niliona kwamba mara nyingine mwanamke anakuja bila nguo ya kushonwa. Anakuja asubuhi, hasalimii kwa sauti, anaingia ndani na Bibi. Babu anaacha cherehani, anamfuata. Nasikia kifuniko cha sanduku kikilia, harufu inafika mpaka barazani, kisha mkasi, mkato mmoja mrefu. Mwanamke anatoka na kitu kimekunjwa chini ya kwapa, amekifunika kwa khanga. Mara mbili niliona kipande kinachungulia. Kilikuwa kitambaa kizuri, kizito, rangi ya maziwa mgando. Hakuna hata mmoja wa wanawake hao aliyenitazama usoni.

Katika mwaka ule ule shati langu la shule lilipasuka mgongoni. Lilikuwa limefuliwa mpaka likawa kama utando. Mwalimu wetu wa darasa alinisimamisha mbele ya wenzangu, akanigeuza, akasema mwanafunzi haji shule mgongo wazi, akanirudisha nyumbani. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kwa Babu.

"Nishonee shati kwa kile kitambaa cheupe."

Alijua ninasema kipi. Hakuniuliza nimekionaje.

"Hicho si cha kuvaa."

"Kwani wale wanawake wanafanyia nini?"

"Mama," aliniita hivyo kwa sababu nilibeba jina la mama yake, "hicho si cha kuvaa. Nitakutafutia kingine."

Alinikatia kiraka kutoka kwenye mfuko wa chumvi. Kilikwaruza mgongo, na watoto walinicheka kwa sababu maandishi ya ndani yalionekana kwa nje. Mnajua hasira ya mtoto aliyechekwa. Haina pa kwenda mpaka ipate mlango.

Mlango ulipatikana shuleni. Zilikuwa siku za msako wa walanguzi. Redio ilisema, ubao wa matangazo ulisema, tuliimba na nyimbo. Watu wenye bidhaa walizitupa ziwani kwa woga. Sabuni ilikutwa ufukweni imeganda kwenye mawe, na Bibi alisema samaki wa wiki ile walinuka povu. Mwalimu alituambia mlanguzi ni adui kama yule wa vitani, na mtoto mzalendo akimwona hanyamazi. Akauliza kama kuna mwenye la kusema. Nikasimama, mgongo ukiniwasha.

"Babu yangu ana jora la kitambaa kwenye sanduku," nilisema. "Anawakatia watu kwa siri. Na zamani alikuwa na ndege ya maadui, watu wetu wakaipiga."

Mwalimu hakucheka. Aliniambia nikae, kisha akaandika. Nakumbuka kalamu yake ilivyokwenda taratibu, na jinsi nilivyojisikia mkubwa.

Walikuja baada ya siku mbili, jua likiwa limepanda. Mgambo wanne, karani mmoja, na mbele yao Mzee Maregesi, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye shamba lake lilipakana na letu. Bibi alikuwa anaanika muhogo. Babu aliinuka kwenye cherehani, akawakaribisha viti. Hawakukaa.

"Tumesikia una kitambaa," alisema karani.

"Ninacho."

Aliwaongoza mwenyewe. Walilitoa sanduku barazani wakalifungua mbele ya watu waliokwisha kukusanyika. Jora lilikuwa limebaki kama theluthi hivi. Chini yake kulikuwa na ile soksi, nyekundu iliyofifia, ndefu kuliko mtumbwi, imejaa viraka vidogo vya duara. Nilivihesabu mpaka nikachanganyikiwa. Kuzunguka baadhi ya viraka kulikuwa bado na alama za bluu na njano.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Pwani, vita vilipokwisha. Ndege walizichoma moto, kitambaa kilichobaki nikaomba, wakanipa."

"Miaka yote hiyo? Unamuuzia nani?"

"Siuzi."

"Unawapa kina nani, basi? Taja majina."

Babu alitazama watu waliosimama uani. Wanawake watatu miongoni mwao waliinamisha vichwa. Kisha akamtazama Mzee Maregesi, na Mzee Maregesi akatazama miguu yake mwenyewe.

"Siwezi kutaja," alisema Babu. "Si mambo yangu."

Walimchukua. Alivaa koti, akamwambia Bibi asisahau kuwatoa mbuzi, akaondoka katikati ya mgambo, na jora likiwa begani kwa mmoja wao kama mtoto aliyelala. Soksi nyekundu na sanduku lenyewe navyo walivibeba. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala. Nilidhani wangemwuliza maswali kisha arudi kula. Jioni Bibi alipika ugali wa watu watatu, tukaangaliana.

Siku ya nne Mama Eliasi alikuja. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, na Eliasi wake alikuwa mtoto mwenye kelele aliyependa kunifuata mtoni. Surua ilikuwa imeingia mtaani mwezi huo. Aliingia uani bila kubisha hodi, khanga yake imelegea, akasimama mbele ya Bibi.

"Mama, na mimi nimekuja," alisema.

Bibi aliweka ungo chini.

"Lini?"

"Alfajiri."

"Mwanangu, hakipo. Wamekibeba chote."

Mama Eliasi hakulia. Alitazama mahali sanduku lilipokuwa limekaa barazani, palipobaki alama zake nne kwenye udongo. "Hata shuka hatuna," alisema. "Tulikuwa tunajifunika gunia."

Ndipo nilipofahamu. Sikuambiwa na mtu. Nilijumlisha mwenyewe, mwanamke mmoja baada ya mwingine, mkasi mmoja baada ya mwingine, na kila mara siku hiyo hiyo au ya pili yake tulikwenda msibani, nami nikala makande nikacheza na wenzangu nyuma ya nyumba. Kitambaa kile hakikuwa cha kuvaa. Kilikuwa sanda.

Bibi aliingia ndani akatoka na khanga yake ya kanisani, ile moja. Ilikuwa imechakaa katikati, haikutosha kumzungushia mtoto wa miaka sita. Walimviringisha Eliasi kwanza kwenye gunia la mahindi ya msaada, kisha khanga juu. Walipomshusha kaburini upepo ulifunua pembe ya khanga, nikayaona maandishi ya Kizungu ya gunia kwenye kifua cha Eliasi. Bado nayaona. Nilikuwa sijui kuyasoma, na sasa ninayajua, na sitayasema.

Tukirudi Bibi alinishika mkono. Nilidhani amejua, lakini alitaka tu mtu wa kusema naye.

"Unajua babu yako alikitoa wapi kitambaa kile?"

"Kwenye ndege."

"Kulikuwa na kijana wa kizungu anayekaa nyuma ya rubani, anazungusha winchi ya kuachia ile waya. Ndiye alimfundisha babu yako fundo la kushonea mabawa. Siku moja wale wa melini wakalenga soksi, risasi ikaingia kwa yule kijana. Ndege ikatua naye ameshakufa. Hapakuwa na turubai wala shuka safi pale kambini. Mkubwa wao akamwambia babu yako, mshone kwenye kitambaa cha bawa. Akamshona, peke yake, tangu asubuhi mpaka adhuhuri." Bibi alivuta pumzi. "Aliporudi na lile jora nikamwambia tushone mapazia. Akakataa. Akasema hiki ni cha mtu aliyekosa sanda. Nikamwona mjinga. Mpaka miaka hii ilipokuja, tukaona waliokosa ni wengi."

Hivyo ndivyo nilivyojua nani walikuwa watu wetu, na kwamba mtu anaweza kupigwa na watu wake bila kuwa adui wa yeyote.

Kesho yake wanawake walikwenda ofisini, alikoshikiliwa Babu. Sijui nani aliwaita. Nilimfuata Bibi, nikawakuta wamesimama uwanjani kama tisa hivi. Mmoja alikuwa ametembea kwa miguu kutoka kwa ndugu zake Buswahili, na vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini. Karani alitoka akawaambia watawanyike. Hawakutawanyika, wala hawakupiga kelele. Mwisho Mama Pendo alisogea mbele. Alikuwa mke wa Mzee Maregesi, balozi.

"Nguo mnayomshikia huyu mzee, mimi nimeizika," alisema. "Ina mwanangu ndani. Mkitaka ushahidi, njooni na majembe."

"Na wangu," alisema yule wa Buswahili.

"Na wangu, wawili."

Mzee Maregesi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Alivua kofia. Uso wake ulikuwa umebadilika kama wa mgonjwa.

"Ni kweli," alisema. "Na mimi nilijua siku ile. Niliogopa."

Mama Eliasi alikuwepo, nyuma kabisa. Yeye hakuwa na cha kusema, maana wake hakuzikwa kwa kitambaa hicho.

Babu aliachiwa baada ya siku mbili. Jora halikurudi. Walisema limepelekwa mbele, na huko mbele hakuna aliyelijua. Walimrudishia soksi nyekundu kwa kuwa haikufaa kitu. Alikuwa amekonda na anakohoa. Alikaa kwenye cherehani yake, akaitia mafuta, kisha nikaenda kusimama mbele yake.

"Babu, ni mimi niliyesema."

Hakuinua kichwa.

"Najua. Karatasi ilikuwa mezani, nikasoma jina lako."

"Umemwambia Bibi?"

"Hapana."

"Utamwambia?"

Alizungusha gurudumu la cherehani polepole, akisikiliza kama linakwaruza.

"Mbuzi wana kiu," alisema. "Wapelekee maji."

Hakunipiga, hakunisema, na hakumwambia mtu mpaka alipokufa. Alinishonea shati kwa kitambaa ambacho mama alipata Mugeta, akaliunga vizuri. Kitu kimoja tu kilibadilika. Habari za ndege hakunisimulia tena. Nilijaribu kumwuliza, mara ya kwanza na ya pili, mabawa yalifungwaje, rubani aliitwa nani. Alisema amesahau.

Miaka ikasogea, mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa, marobota ya mitumba yakamwagwa sokoni, watu wakavaa juani makoti ya nchi zenye barafu. Cherehani ya Babu ilikosa kazi, naye akafariki katika mwaka ambao vitambaa vilikuwa vimetapakaa kila mahali. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nikapata kazi ya ukarani Bunda. Siku moja ya soko nilikuwa napekua shuka kwenye turubai moja, nikainua macho, nikaona mwenye mzigo ni Mama Eliasi. Alikuwa amehamia huko kwa dada yake. Alinitambua, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza habari za Kigera.

Nikamwambia. Sijui kwa nini pale, katikati ya wateja. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyesimama darasani, kwamba bila mimi kitambaa kingekuwepo asubuhi ile alipokuja. Nilisema yote kwa sauti ndogo, na nilipomaliza nilikuwa nimekamata shuka kwa nguvu mpaka limejikunja.

Aliliangalia lile shuka.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa, mama."

"Wangu alikuwa na sita," alisema.

Mteja aliuliza jambo, naye akamjibu. Kisha akalichukua shuka mikononi mwangu, akalikung'uta, akanipa pembe mbili, akarudi nyuma na pembe zake mbili. Tukalinyoosha, tukalikunja mara moja, tukasogeleana. Alipofika kwangu alipokea pembe zangu bila kuniangalia, akaliweka juu ya mengine, akachukua shuka lingine, akanipa pembe mbili. Tulikunja yote yaliyokuwa pale turubaini, na mimi sikuondoka.